Betri Haikuwa na Kosa

Mwezi wa sita na wa saba, Ganako, kwetu wilayani Karatu, huamka ndani ya ukungu. Ukungu huo hushuka kutoka msitu wa Ngorongoro, ukapita juu ya mibuni ya Tloma, ukatanda mabondeni mpaka jua lipate nguvu. Baridi ya huku juu ya Karatu ni mtihani mkubwa kwa gari la dizeli lililozeeka. Mafuta ya injini yanakuwa mazito, plagi za kupasha moto zinataka umeme wao, stata inataka wake, na vyote vinaudai kwa betri ile ile. Gari likiguna kidogo kisha likanyamaza, majirani wanaokuja kusukuma huwa na jibu lao hata kabla boneti haijafunguliwa: betri imekufa.

Jibu hilo nimelisikia tangu utotoni. Nimeona watu wakiuza maharage ya akiba, wengine mbuzi, ili wanunue betri mpya, na baada ya muda si mrefu wakarudi dukani na malalamiko. Naandika kumbukumbu hii kwa sababu naamini fedha nyingi za watu wa kwetu zimepotea kwa njia hiyo, na kwa sababu nilipata bahati ya kumwona fundi mmoja akilikataa jibu hilo, hatua kwa hatua, akiwa na mita ya mkononi na subira ya kutosha. Niliyoyaona siku zile yamenisaidia katika mambo mengi zaidi ya magari.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya baba mdogo, Toyota Hilux yenye injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8. Nilikuwa nimemaliza shule, nikawa dereva wake na mpakizi wake. Alfajiri tulipeleka maziwa na mboga Karatu mjini. Siku za mnada tulibeba watu na mizigo yao. Msimu wa vitunguu tulishuka Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, tukapandisha viroba. Usiku pikapu ile ilikuwa gari la wagonjwa, la wajawazito na la misiba, kwa sababu upande wetu unaopakana na msitu mtu hatembei ovyo gizani. Nyati na tembo huvuka mpaka wa hifadhi wakaingia mashambani. Pikapu ikikwama, watu wengi walikwama nayo.

Ugonjwa ulianza polepole. Taa ya chaji kwenye dashibodi, ile yenye picha ya betri, ilibaki na wekundu hafifu ambao mchana hauonekani. Niliuona usiku tu, injini ikiunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta. Nikipiga honi, taa za mbele zilififia. Waipa zilikwenda kwa uvivu. Asubuhi stata ilizunguka kama inayoombwa, na siku za ukungu mzito ilikataa kabisa.

Ushauri ulikuja kutoka kila upande. Huyu alisema ni baridi, yule akasema gari limezeeka, lakini wengi walisema betri. Baba mdogo akanunua betri mpya, na kweli pikapu ikaanza kuwaka kwa mguso mmoja. Tukafurahi. Wiki zikapita, kisha uvivu ule ule ukarudi, mpaka tukawa tunalaza gari juu ya kilima ili asubuhi tulishtue kwa kuliteremsha. Muuzaji aliipima betri akasema imekwisha, haipokei chaji tena. Hakukosea: kweli ilikuwa imekwisha. Akatushauri tuongeze fedha tuchukue kubwa zaidi.

Aliyezuia hasara ya pili alikuwa mama mdogo. Yeye ndiye aliyetunza fedha za maziwa, na alikuwa hajawahi kufungua boneti ya gari. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, kisha akauliza, "Baba, hiyo ya kwanza imekufa kwa nini? Maana kama hatujui kilichoiua, na hii nyingine kitaiua." Baba mdogo hakuwa na jibu. Kesho yake tukaenda kutafuta mtu mwenye jibu.

Hapa yafaa nieleze jambo ambalo baadaye nilikuja kulielewa, kwa kuwa ndilo linalowapoteza wengi. Betri ni ghala, na alteneta ndiyo shamba. Ghala likijazwa mahindi ya kununua, nyumba itakula kwa muda bila kugundua kwamba shambani hakuna kilichoota. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma volti 12.6 hivi gari likiwa limepumzika, ikisoma 12.2 imebaki na nusu tu. Kazi yake kubwa ni kuwasha injini. Injini ikishawaka, umeme wa taa, waipa na honi unapaswa kutoka kwa alteneta, ambayo pia hurudishia betri kile ilichotoa. Alteneta ikidhoofika, betri huendelea kutoa bila kurudishiwa. Na betri ya risasi na asidi ikikaa nusu tupu kwa wiki nyingi, salfeti hugandia kwenye bati zake za ndani, na kadiri inavyokuwa ngumu ndivyo betri inavyopoteza uwezo wa kupokea chaji. Betri mpya inakufa kweli. Ukiipeleka kwa muuzaji, mita yake itasema kweli kwamba imekufa. Kwa namna hiyo hukumu isiyo ya haki hujitengenezea ushahidi wake yenyewe: anayesema "ni betri" ataoneshwa betri iliyokufa, na hataona sababu ya kutafuta zaidi.

Fundi tuliyempata alikuwa na kibanda kando ya barabara kuu inayotoka Makuyuni, ikapita Karatu, ikapanda hadi lango la Ngorongoro. Alikuwa mtu mzima, mpole, aliyejifunzia kazi kwenye gereji za magari ya utalii. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kabla hajanyanyua spana yoyote.

"Mwanangu, leo limewaka lenyewe au mmelisukuma?"

"Tumeliteremsha kilimani, fundi."

"Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa ya chaji inawaka?"

"Inawaka vizuri."

"Na injini ikishawaka, inazimika kabisa?"

"Mchana naona imezimika. Usiku inabaki nyekundu kidogo."

"Hapo umenisaidia sana," akasema, akaenda kuchukua mita.

Maswali yale yalikuwa sehemu ya vipimo. Kama taa ya chaji isingewaka wakati wa kufungua swichi, angeanza kwa kutafuta balbu iliyoungua, fyuzi iliyokatika au waya uliochomoka, vitu vya bei ndogo ambavyo mara nyingi husababisha alteneta nzima kutupwa. Taa inayobaki na wekundu hafifu ina maana nyingine: alteneta inazalisha, ila inazalisha pungufu.

Kijana wa kibanda cha jirani akasogea na pendekezo ambalo dereva yeyote wa Tanzania amewahi kulisikia. "Fundi, ng'oa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma. Likizima, alteneta mbovu. Lisipozima, nzima." Fundi akamjibu bila kumdhalilisha. "Hapana, mdogo wangu. Betri ndiyo inayomeza mishtuko ya umeme. Ukiing'oa gari likiwa linaunguruma, volti zinaruka juu, dayodi na katauti inayodhibiti volti zinaungua, na kwenye magari ya siku hizi unaunguza na kompyuta. Halafu kwa dizeli hii jibu lenyewe litakudanganya." Akaeleza: dizeli ya zamani haihitaji cheche, inahitaji umeme mdogo tu wa kushikilia vali ya kukata mafuta kwenye pampu. Alteneta dhaifu inaweza kuutoa umeme huo, injini ikaendelea kuunguruma, na sisi tukaondoka tukiamini alteneta ni nzima. Kipimo kibaya huvunja kifaa, na juu yake humpa mtu uhakika wa uongo.

Kisha akapima. Aliweka ncha nyekundu ya mita kwenye chanya ya betri na nyeusi kwenye hasi, akaniita nisome mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa, 12.1. Tukaliwasha, ikasoma 12.3. Akaniambia nikanyage mafuta kidogo, ikapanda hadi 12.9 na kugota hapo. Nikawasha taa kubwa, ikashuka tena hadi 12.2. "Alteneta nzima ya gari la volti 12," akasema, "injini ikiwaka inakupa kati ya 13.8 na 14.5. Ikivuka 15, katauti imekufa na betri itachemka. Ikiwa chini ya 13, betri haili." Baba mdogo alisogea akaangalia kioo cha mita kwa muda mrefu. Ndani ya dakika chache alikuwa ameoneshwa kwa namba mahali fedha zake zilikokuwa zikipotelea.

Mimi nilidhani kazi imekwisha na tutafungua alteneta. Fundi akasema bado, kwa kuwa namba ile ilionesha kwamba chaji haifiki, haikuonesha inapotea wapi. Akabonyeza mkanda kwa dole gumba kuona kama umelegea, akaukunja kutazama nyufa na mng'ao wa kuteleza. Ulikuwa umezeeka lakini unashika. Akapima kutoka bolti ya nyuma ya alteneta hadi chanya ya betri, injini ikiwaka na taa zikiwaka, kuona kama waya unakula umeme njiani. Tofauti ikipita volti 0.2 hivi, waya au viungio vina tatizo. Hapo palikuwa salama. Akapima hasi ya betri na bodi ya injini, akakuta kiungio kimeota kutu ya kijani. Akakifungua, akakisugua kwa msasa, akakaza, akarudia kipimo cha kwanza. Namba ilipanda kidogo sana. Akageuza mita upande wa umeme wa mawimbi, ule wa AC, akapima tena kwenye betri. Ikasoma karibu na sifuri, maana yake dayodi hazivujishi. Akawa amebakiwa na washukiwa wachache: kaboni, pete za shaba na katauti.

Ndipo akafanya kitu ambacho nakiona mpaka leo. Alizima injini, akangoja ipoe, akapitisha kidole kwenye matundu ya hewa ya alteneta. Kidole kikatoka na tope jeusi lenye wekundu, laini, linaloteleza. Akalisugua katikati ya vidole viwili, akalinusa, akanipa na mimi ninuse. Ilikuwa oili ya injini iliyochanganyika na vumbi letu jekundu la Karatu. "Alteneta haina oili ndani," akasema. "Hii imetoka wapi?"

Akatoa kwanza waya wa hasi wa betri, kwa kuwa bolti ya nyuma ya alteneta ina umeme muda wote, hata swichi ikiwa imefungwa, na spana ikigusa bodi wakati unaifungua hutoa cheche ya kuunguza nyaya na mikono. Akachomoa soketi, akafungua mipira ya oili, akalegeza mkanda, akatoa bolti mbili, na alteneta ikakaa juu ya benchi.

Ukiifungua, alteneta ni kifaa kinachoeleweka. Msingi wake uligunduliwa na Michael Faraday nchini Uingereza mwaka 1831: sumaku ikizunguka karibu na waya, waya hupata umeme. Katikati kuna rota, koili iliyozungushiwa chuma, ambayo huwa sumaku pale inapopewa umeme kidogo. Umeme huo hufika kwenye rota kupitia kaboni mbili ndogo zinazoegemea pete mbili za shaba. Mkanda ukiizungusha rota, koili za nje huzalisha umeme wa mawimbi, dayodi huunyoosha uwe wa upande mmoja, na katauti hupunguza au kuongeza nguvu ya sumaku ili volti zisizidi. Magari ya zamani zaidi, zikiwamo Land Rover za mwanzo zilizofungua njia nyingi za porini huku kwetu, yalitumia dinamo, ambayo ilizalisha umeme mdogo sana injini ikienda taratibu. Dayodi za silikoni zilipopatikana kwa bei nafuu ndipo alteneta ikaenea. Kampuni ya Chrysler ya Marekani iliiweka kwenye gari lake la Valiant la mwaka 1960, na wengine wakafuata.

Kaboni za alteneta yetu zilikuwa zimelika karibu kuisha. Tope lile la oili na vumbi lilikuwa limefanya kazi ya msasa: lilikula kaboni, likachimba mifereji kwenye pete za shaba, likazuia umeme kupita. Fundi angeweza kuweka kaboni mpya, tukalipa kidogo na kuondoka, na katika vibanda vingi huo ungekuwa mwisho wa kazi. Yeye akageuza alteneta upande wa nyuma.

Kwenye dizeli za Toyota za ukoo ule, 2L na 3L, nyuma ya alteneta kuna pampu ya vakyumu inayozungushwa na shafti ile ile. Pampu hiyo hulainishwa na oili ya injini inayoingia kwa mpira mmoja na kutoka kwa mwingine. Baina ya pampu na alteneta kuna sili ya mpira inayozuia oili isivuke. Sili yetu ilikuwa imekauka na kupasuka, na shafti yenyewe ilikuwa imelika mahali sili inapokaa. "Nikiweka kaboni mpya, oili itazifuata," fundi akasema. "Nikiweka sili mpya juu ya shafti hii, itavuja. Na beringi ya nyuma, sikiliza." Akaizungusha kwa mkono, ilikwaruza. "Hii ya kwako mzee, tutafute nyingine."

Hapo ndipo yule kijana wa jirani aliporudi, safari hii na alteneta mkononi. Ilikuwa imetoka kwenye gari la petroli, safi, bei ndogo, na alisema matundu ya bolti yanaweza kulazimishwa yakakubali. Baba mdogo, ambaye tayari alikuwa ameumia kifedha, alivutika. Fundi akamwuliza, "Kaka, ukishuka Manyara na mzigo, unashika breki kwa nguvu za nani?"

Swali lile lilibadilisha mazungumzo yote. Injini ya petroli ya aina ile hutengeneza vakyumu yenyewe kwenye njia ya hewa. Dizeli haitengenezi ya kutosha, ndiyo maana ikapewa pampu, na vakyumu ya pampu ndiyo inayosaidia mguu wa dereva kupitia busta ya breki. Ukifunga alteneta isiyo na pampu, chaji itarudi, taa zitang'aa, gari litawaka asubuhi, na kila mtu atasema limepona. Busta huwa na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu. Baada ya hapo pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Barabara yetu ya kwenda Arusha inateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu kwa kona kali, na ile ya Mang'ola inashuka zaidi ya mita 400 kufika Eyasi. Nilifikiria watu tunaowapakia siku za mnada, wanawake na watoto wao juu ya magunia. Alteneta ile ya bei ndogo ingeweza kuwaua, na baada ya ajali hakuna ambaye angetaja umeme. Wangesema breki zimekataa.

Nikatumwa Arusha, kwenye maduka ya spea za mtumba, nikiwa na alteneta ya zamani ndani ya kiroba na maagizo ya fundi kichwani. Iwe ya volti 12, nisome kibandiko, maana dizeli nyingi za Japani zina umeme wa volti 24 na alteneta zake zinafanana kwa macho. Iwe na pampu nyuma. Tundu la soketi lifanane. Njia za puli ziwe sawa. Niizungushe kwa mkono nisikilize beringi. Niishike shafti nione kama inacheza. Nipitishe kitambaa cheupe kwenye matundu ya hewa. Kikitoka na oili, niiache. Muuzaji wa kwanza alikasirika nilipotoa kitambaa. Wa pili alicheka, akaniambia huyo aliyekufundisha anaijua kazi, akaifunga kwenye mashine yake ya kupimia, na tukaandikiana kwenye risiti kwamba nikikuta ina tatizo nairudisha.

Fundi hakuifunga siku hiyo. Aliifungua nyuma akaweka sili mpya, kwa kuwa ya mtumba nayo ina umri. Betri tuliyoiweka badala ya ile iliyokufa akailaza kwenye chaja usiku kucha, akisema alteneta ikipewa betri tupu kabisa inafanya kazi kwa nguvu zote kwa saa nyingi, inachemka na kuharibika mapema. Asubuhi akabadilisha mipira ya oili na mkanda, akadondosha oili safi kidogo ndani ya pampu ili isizunguke kavu, akafunga. Akaukaza mkanda kwa kipimo cha kidole, akieleza kwamba ukilegea unateleza na ukikazwa mno unakula beringi.

Tukaliwasha. Mita ikasoma 14.2. Taa zote zikiwaka, 13.8. Kisha akafanya kipimo cha breki, na hiki kila mwenye gari anaweza kukifanya bila kifaa chochote: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, endelea kuikanyaga, halafu washa. Pedeli ikizama kidogo chini ya mguu, busta inapata vakyumu. Ilizama. Ndipo akamwambia baba mdogo gharama yake.

Nimeendesha na kumiliki magari mengine tangu wakati ule, na nyumba yetu iliwahi kutegemea umeme wa jua kabla nguzo hazijafika. Betri ya sola ilipoanza kuishiwa mapema jioni, jirani zangu walisema nibadilishe betri. Nilianza juu ya bati: paneli ilikuwa imefunikwa na vumbi na kinyesi cha ndege, na kiungio kimoja kilikuwa kimelegea. Betri ile ilitumika kwa muda mrefu baada ya hapo. Sikuwa na elimu ya sola. Nilikuwa na utaratibu niliojifunza kwa fundi wa Karatu: anza kwenye chanzo, fuata njia, pima kila kiungio, na usikubali jibu ambalo halijajibu swali la mama mdogo.

Kitu kilichokufa kina kilichokiua, na hilo ndilo somo ninaloliamini kuliko yote. Betri yetu iliuawa na alteneta dhaifu. Alteneta ilidhoofishwa na oili. Oili ilipitishwa na sili iliyopasuka. Kila ngazi ilikuwa na duka lake tayari kutuuzia kitu, na kila kitu kingefanya kazi kwa muda. Mtu mwenye fedha anaweza kumudu kubahatisha mara kadhaa mpaka apatie. Mkulima wa Ganako anayebahatisha mara mbili ameshakula ada ya mtoto. Kwa hiyo kupima ni njia ya kumheshimu mtu mwenye kipato kidogo, na fundi anayebadilisha vifaa kwa kukisia anamtoza maskini gharama ya uvivu wake.

Somo jingine ni kwamba kifaa hubeba mizigo ambayo jina lake halitaji. Nani angedhani kwamba umeme wa gari na breki zake vimekaa kwenye shafti moja? Kabla ya kuweka mbadala wa kitu chochote, gari au mtambo wa maji au hata mtu kwenye nafasi yake ya kazi, yafaa kuuliza kilikuwa kinafanya nini kingine ambacho hakuna aliyekitaja.

Na kwa mafundi nina neno la moyoni. Mitaani kwetu tunalipa spana, hatulipi fikra. Fundi akibadilisha kifaa kikubwa tunatoa fedha bila ubishi. Akitumia saa nzima kupima akagundua fyuzi ya bei ya soda, tunamwambia hakufanya kitu. Tabia hiyo inawafundisha mafundi kutuuzia vifaa. VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina mpango wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini bila kupita darasani, na watu kama fundi wetu wanastahili vyeti hivyo kabisa. Lakini cheti hakitatosha kama mteja bado anaona kupima ni kupoteza muda. Sisi wateja ndio tunaoamua aina ya ufundi utakaobaki mjini kwetu.

Kwa hiyo, gari lako likikataa kuwaka asubuhi ya ukungu, omba usukumwe, kisha nenda kwa mwenye mita. Akupimie betri injini ikiwa imezimwa, akupimie ikiwaka, akupimie na taa zikiwaka, na umwombe akuoneshe namba hizo kwa macho yako. Kama alteneta yako ina pampu ya vakyumu ya breki mgongoni, usikubali nyingine isiyo nayo, hata ukipewa bure. Na fundi huyo akikuambia baada ya saa nzima kwamba kilichokuwa kibovu ni kiungio kilichoota kutu, mlipe saa yake yote.